Uso wa Mkwe

Subilaga anasinzia saa nne asubuhi, amekaa juu ya jiwe, mgongo kauegemeza kwenye gurudumu la pikipiki yake, na ukungu wa nyanda za juu za Kitulo umeshuka mzito kiasi kwamba hata viatu vyake mwenyewe havioni. Msimcheke, usiku kucha hajafumba jicho. Wanaume kumi na wawili, mumewe Gwakisa akiwa mbele, wameteremkia msitu wa magharibi kumtafuta baba mkwe wake, ambaye jana alikwenda kukagua mizinga yake ya nyuki na hakurudi, nao wamemwambia, wewe Mama Lugano baki hapa na pikipiki, tukimpata tutapuliza filimbi umwahishe hospitali. Wameteremkia magharibi, naye anajua kwamba mzee hayuko huko. Jana mchana, akirudi kutoka kuwapeleka wageni kutazama maua, alimpita kwenye kona ya daraja la magogo, mashariki kabisa, ameketi kando ya barabara na koti lake la kijivu, mkono kaunyanyua. Akafanya anachofanya mke yeyote wa kwao aliyefundwa akafundika: akageuza uso, akapindisha kioo cha pembeni, akaongeza mafuta, akapita. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kumtazama baba mkwe usoni wala kulitamka jina lake. Ndiyo heshima, na mama yake mzazi angekuwapo angempigia vigelegele. Jioni watu walipouliza nani kamwona mzee, alinyamaza. Angesema nini? Nimemwona? Umemwonaje, mkwe, wewe uliyekatazwa kuona? Aliona haya, kisha akaogopa, na kila saa iliyopita ikazidi kumfunga mdomo, na sasa usingizi unamvuta, kichwa kinadondoka kifuani, kinainuka, kinadondoka tena, na pikipiki inanguruma.

Hajaiwasha, lakini inanguruma, naye yuko juu yake, anapanda. Maua yamejaa pande zote, meupe na ya manjano, na barabara inapanda kupita pale ambapo mlima ulipaswa kuishia, inapanda tu, kona baada ya kona, na kila kona ni ileile. Halafu springi za nyuma zinabonyea. Mtu amepanda. Anamsikia akikohoa, anaisikia pumzi yake shingoni, baridi kama maji ya kisima. Vioo vyote viwili vimepinda, vinamwonyesha magoti yake tu. Kugeuka hawezi, na kumsemesha mkwe moja kwa moja hawezi pia, kwa hiyo analiuliza tangi la mafuta, eti abiria wangu anakwenda wapi? Sauti nyuma yake inajibu, nakwenda pale uliponiacha. Analiuliza tangi tena, ni mbali? Ukigeuka ni karibu, sauti inasema, ukinyoosha hutafika. Anaogopa, anaongeza mafuta, ananyoosha.

Mbele kuna mji, nao ni Matamba, mji anaoujua, soko lilelile, mafungu yaleyale ya viazi, mabati yaleyale yenye kutu, isipokuwa watu wote wamempa mgongo. Anapunguza mwendo. Jamani, daraja la magogo liko wapi? Hakuna anayegeuka. Mwuza viazi anajibu akiwa ametazama ukuta, tunakuheshimu mno, dada, hatuwezi kukuona. Anasogea kwa mwingine, mgongo, kwa mwingine, mgongo, hadi anakitambua kitambaa cha kichwa cha mama yake na anaita, Mama, ni mimi, Subilaga. Najua ni wewe, mama yake anasema kwa upole bila kugeuka, nilikufunda vizuri, mwanangu, sasa nami najifunza kwako. Subilaga anamshika bega, anamzunguka ili amwone, na upande wa pili pia ni mgongo, kitambaa na fundo lake. Anapiga kelele na kelele haitoki. Anarukia pikipiki, anakimbia, na baada ya kona kuna Matamba nyingine, na baada yake nyingine, kila moja ndogo kuliko ile ya kwanza, na mshale wa mafuta umelala chini ya sifuri siku nyingi na bado wanakwenda. Mitini kima wa kipunji wamekaa mistari kwa mistari, wamempa migongo, mikia inaning'inia. Na kila mji wanaoupita, uzito ule nyuma unapungua.

Barabara inaishia kwenye mianzi. Inabidi atembee. Anatembea mbele, njia ni tope na mizizi, na nyuma anazisikia hatua za mzee, mguu mmoja ukikanyaga, wa pili ukiburutwa. Anaziomba zisikome. Anageuza masikio na kuacha shingo ilivyo, maana shingo imefundwa. Ndipo anamwona chui, amelala njiani, ametulia, na huyu peke yake katika nchi nzima hajampa mgongo. Lakini hamtazami yeye. Anatazama juu ya bega lake, huko nyuma, kwa makini, anavyotazama chui kitu ambacho hakitakimbia. Chui anainuka, anapita kando ya goti lake, manyoya yanamgusa suruali, anaelekea nyuma. Hatua za mzee zinakoma. Kikohozi hakuna. Subilaga analia kwa woga, anasema mama nisamehe, na anageuka.

Anauona uso. Uso wa mtu mzima tu. Baka jeusi chini ya jicho la kushoto, jino moja la mbele la chini halipo, damu imekauka kutoka kwenye nyusi hadi sikioni. Hana hasira hata kidogo. Anamtazama Subilaga kama mtu anayeomba lifti, midomo inachezacheza ikitafuta neno la adabu la kumwambia mkwe, na hilo ndilo linalomvunja Subilaga moyo kuliko chui.

Mama Lugano! Gwakisa anamtikisa bega. Ukungu uleule, jiwe lilelile. Wanaume wamesimama nyuma yake, wamelowa hadi magotini, mikono mitupu. Hatujapata hata alama, Gwakisa anasema, baada ya hapa tunakwenda bondeni zaidi. Subilaga anasema, hayuko huko. Anasema yote bila kupumua: kona ya daraja la magogo, jana mchana, mkono juu, nikapita, Baba Lugano, nikapita. Ameumia kichwani, damu imetoka hapa hadi sikioni, na mguu mmoja haufai.

Gwakisa hamkaripii. Umejuaje kuhusu damu?

Nimemwona. Ana baka chini ya jicho la kushoto. Jino la chini halipo.

Ndivyo alivyo, Gwakisa anasema polepole, lakini wewe humjui uso. Umemwona lini?

Subilaga anaishika pikipiki, anaigeuza kuelekea mashariki. Labda jana kioo kilichelewa kupinda, akauona uso wote na damu yake, akajua, akaongeza mafuta. Labda ni sasa hivi tu, usingizini, na jana hakuona ila koti. Hata huku kuamka hana hakika nako, anazitazama nyuso za wanaume mmojammoja kuhakikisha kwamba zipo. Kama ni ndoto, hana kosa kubwa, na mzee anaweza kuwa ameshaondoka pale, yuko popote, hata kaburini. Kama ni jana, alimwacha mtu anavuja damu huku akimwona, na mzee yuko pale pale kwenye kona, mguu hauwezi kumpeleka kwingine, anawasubiri. Panda, anamwambia mumewe, na anapiga kiki, na njia nzima ya kuelekea darajani, meno yakigongana, Subilaga anamwomba Mungu iwe ni jana, mwenye kosa awe yeye mwenyewe.