Hapiki, Lakini Anaamuru Jikoni

Mtaa mzima huu hakuna anayeijua saratani ya umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, kunishinda mimi. Mjukuu wangu wa maabara amenieleza mara tatu, na mara mbili nilikuwa nasinzia.

Ile ya tatu nilikuwa macho kwa ajili ya mume wangu. Mwezi mzima chakula kilikuwa kinamkwama kifuani, naye anasingizia mapishi yangu. Mjukuu akaja kutuambia kwamba kesho atampeleka hospitali, umio ukaangaliwe kwa kamera.

"Mke wangu," babu yake akamwambia, maana ndivyo wanavyotaniana, "si unapima damu wewe? Chukua yangu. Kamera ya nini?"

"Damu bado tunaitafiti, Babu." Akavuta kigoda. "Ndani ya seli kuna nakala za maagizo, zinaitwa RNA. Baadhi ni maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine ni ndefu na hazitengenezi protini yoyote. Zamani tulizidhania takataka, kumbe zipo zinazoamua maagizo yapi yafuatwe, kama jikoni chungu kipi kibandikwe na kipi kiepuliwe. Kwenye saratani ya umio kuna zinazozidisha amri, seli zikaongezeka ovyo. Huenda siku moja zitatuonyesha ugonjwa mapema. Kwa leo, ni kamera."

"Mrefu, hapiki, na anaamuru jikoni," nikasema. "Huyo si ninaye humu ndani miaka hamsini na mbili, mke mwenzangu?"

Mjukuu alicheka mpaka akajifuta macho. Mzee hakucheka.

"Mimi nameza vizuri. Leteni mkate mkavu. Nikiumaliza, habari ya kamera ife."

Nikamwekea vipande viwili, tukaenda jikoni kupooza chai yake, kwani ya moto sana amepigwa marufuku. Tuliporudi, sahani ilikuwa tupu na mzee amekunja mikono juu ya koti.

"Vyote?" nikauliza.

"Vyote. Vimeteremka kama maji."

Nilitaka kumwamini. Nilitaka sana, hata machozi yakanilenga. Mjukuu hakubisha. Alikaa karibu naye, akamshika mkono, wakapiga soga mpaka chai ikafika nusu. Ndipo akanionyesha kwa kidevu. Sisimizi walikuwa wametoka ukutani, wamepanda mguu wa kiti, wanaingia mfuko wa kushoto wa koti.

"Babu," akasema taratibu, "na hawa wanafuata nini humo?"

Mzee akautazama mfuko wake kana kwamba ni wa jirani.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.