Barua ya Kusubiri Nyumbani

Ulimpita. Usiseme hukumwona, maana dirisha lake liko kando ya njia kabisa, na bega lako liliparuza nondo. Ulimwona kajilaza kwenye kochi saa nne asubuhi, fulana imelegea shingoni, ukageuza uso kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga. Moyoni ukasema, mvivu huyo. Mkewe anatoka alfajiri kwenda kufua mashuka ya hospitali, yeye yuko ndani anafuga kitambi.

Basi kaa chini usikie.

Mtaani wanamwita Soli. Miaka kumi na minane alikata soli katika kiwanda cha viatu, kwa mashine inayoshuka kwa kishindo. Ukichelewa kuondoa mkono, umeuacha. Vidole vyake vyote kumi vipo, na katika kiwanda kile hiyo ilikuwa sifa. Siku mitambo iliposimamishwa, wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili walisimama getini siku tatu mfululizo, mpaka wenye kiwanda wakashindwa kuingiza magari yao. Siku ya nne tarishi wa kiwanda akapita nyumba kwa nyumba na baiskeli, akigawa barua. Mistari mitatu tu. Subiri nyumbani. Utaitwa kwa barua, utakayoipokea mwenyewe na kuitia sahihi. Asiyekutwa nyumbani atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake.

Soli aliibusu ile karatasi. Wewe usingeibusu?

Miezi mitatu ya kwanza aliamka saa kumi na mbili, akavaa suruali ya kazi, akakaa kitako akielekea mlango. Alikuwa akioga huku mlango wa bafu uko wazi nusu, asije akapitwa na kengele ya baiskeli. Jirani alipofiwa, hakwenda kuzika. Alisimama kizingitini akatoa pole kwa mbali, na watu wakamnunia mpaka leo. Mwezi wa nne akaona hakuna haja ya kuvaa viatu ndani. Mwezi wa sita, hakuna haja ya kuoga kabla ya adhuhuri. Kufika mwezi wa tisa alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala, na kutoka kwenye kochi mpaka jikoni kukawa safari ya kupangia siku. Mtu aliyefungwa kwa karatasi haoni kamba. Anachoona ni kwamba mwili umekuwa mzito, na anajilaumu mwenyewe.

Mkewe hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimwekea chakula, akakifunika, akaenda zake. Aliyemsema ni mdogo wa mkewe, dereva wa lori asiye na breki mdomoni. Kila akija alilipigapiga kochi kwanza kabla ya kukaa, akidai anataka kujua kochi linaishia wapi na shemeji anaanzia wapi.

Ila ni yeye huyo aliyemletea habari ya kazi. Fundi mabegi wa mtaa wa pili alikuwa anatafuta mtu anayejua kukata ngozi. Alimshikilia Soli nafasi wiki mbili nzima, na wiki mbili nzima Soli akajibu yale yale: nikiwa huko, barua ikija je? Miaka kumi na minane niitupe hivi hivi? Mwishowe fundi akachoka. Akatuma neno kwamba mwisho ni kesho, baada ya hapo anamchukua mwingine.

Jioni ile mkewe alikaa pembeni ya kochi, mikono imebabuka kwa dawa ya kufulia.

"Mume wangu," akasema taratibu, "mimi sikuolewa na barua. Kesho nikirudi nataka jibu. Unakwenda kwa fundi, au nijue moja kwamba humu ndani niko peke yangu."

Kulipokucha, Soli akapata wazo aliloliona la maana sana. Angekwenda nyumbani kwa tarishi amwombe kwa adabu: barua ikitoka, amletee kwa fundi mabegi. Na ili asipishane nayo njiani, akamkalisha shemeji yake kwenye kochi, akamfunika shuka mpaka kidevuni. Kengele ikilia, aseme ana homa.

"Na sahihi?" shemeji akauliza.

"Chora chochote. Hata yangu haisomeki."

"Haya. Ila nikikolea hapa, shemeji, utajitafutia kochi lako."

Soli alivuka barabara kama mtu aliyetoka wodini leo. Jua lilimchoma macho. Kila hatua kumi aligeuka kuutazama mlango wake. Mwenye duka alimsalimia kwa mshangao; alidhani alishahama.

Tarishi alikaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Baiskeli ilikuwa ukutani, magurudumu hayana upepo. Alifungua mwenyewe, siku ya kazi, saa nne asubuhi, amevaa bukta. Soli akalieleza ombi lake lote. Tarishi akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye mistari mitatu.

"Hii ilikuwa ya mwisho kwenye mfuko," akasema. "Nilijiletea mwenyewe, nikajisainia mwenyewe."

Soli aliisoma mara mbili. "Sasa za kutuita atazileta nani?"

"Ndilo ninalojiuliza hapa, kaka. Mwaka na miezi miwili."

Soli akakaa chini pale pale mlangoni. Aliwakumbuka wenzake getini, sauti zao zikitikisa mabati. Hakuna aliyewapiga wala kuwakamata. Waligawanywa tu, kila mmoja na kiti chake, wakaambiwa wasibanduke. Watu mia mbili getini wanaogopwa. Mmoja mmoja sebuleni, wanaitwa wavivu, na nyumba zao zenyewe ndizo zinazowalinda wasitoke. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Nyumba zote unazikumbuka?"

"Hata gizani."

"Vaa shati."

Walipitia kwanza kwa fundi mabegi. Soli akamwambia kesho saa moja atakuwa mezani, akapewa mkono. Kisha wakaenda kwa mama aliyekuwa mkaguzi wa mishono. Tarishi akabisha. Pazia likafunguka kidogo, likafungwa, na ndani wakasikia miguu ikikimbia. Alipotoka alikuwa amevaa aproni ya kiwanda, imepigwa pasi, na kalamu mkononi.

"Nitie wapi sahihi, mwanangu?"

Tarishi akainamisha kichwa. Ikabidi Soli aseme. Alisema yote, polepole, na mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Waongo," akasema. "Mnataka nitoke ili mnipore nafasi yangu."

Akafunga mlango. Wakasikia kiti kikiburutwa, kikirudishwa mahali pake.

Tarishi alitaka kurudi nyumbani. Soli akabisha tena. Nilipomwacha alikuwa bado anabisha.

Hiyo ni nyumba ya kwanza. Ziko mia mbili na tisa nyingine, na wao ni watu wawili na baiskeli isiyo na upepo. Wewe una miguu, na nyumba mojawapo iko mtaani kwako. Unaijua, unajua hata rangi ya pazia. Usimalizie chai. Nenda sasa hivi, ubishe. Usimuulize kama amepata kazi. Muulize nani alimwambia asubiri, na akikufungia mlango, usiondoke.