Utepe Mwekundu

Wacha niseme ukweli: nilipomwona Chepng'etich akija na ile taa yake ya kupimia umeme, roho ilinichoma. Msichana niliyemfundisha mwenyewe kushika koleo, leo anaitwa kwenye gereji yangu hapa Shirere! Aliyemwita ni Mama Mideva wa Lugari, mwenye lori kuukuu la mahindi ambalo nimelitengeneza miaka kumi na minane.

Siku tatu lilikuwa limenishinda. Ukikanyaga breki, taa za nyuma zinafifia na indiketa zinawaka ovyo kama za harusi. Nilibadilisha betri zote mbili, nikabadilisha fyuzi, nikafungua dashibodi. Wapi!

"Huyu akiupata ugonjwa, Ignatius, lori nitakuwa nikimpelekea yeye," Mama Mideva aliniambia peupe.

"Habari yako, mwalimu," Chepng'etich akanisalimu.

"Mwalimu wa nani? Fanya kazi!"

Hakugusa betri wala fyuzi. Alijilaza chini ya lori, nyuma kabisa, na mimi nikaomba kimoyomoyo ashindwe. Naam, niliomba, mzee wa kanisa mzima.

Ghafla akaacha kupima. Nikachutama kando yake, nikaona anachokiona: waya wa athi, ule unaorudisha umeme wa taa za nyuma kwenye chesisi, umeungwa na kuzungushiwa utepe mwekundu. Mafundi wote wa hapa hutumia mweusi. Mwekundu ni wangu. Alipoufungua, nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono tu, zimeoza na kuwa kijani. Si mimi niliyempigia kelele miaka yote kwamba waya hausokotwi tu, unachomelewa? Siku niliyouunga huo nilikuwa na haraka.

Akanitazama. Nikangoja anianike.

Akatia utepe mfukoni, akachomelea waya upya, akatoka. "Ni panya, Mama, ametafuna waya. Lori la mahindi halikosangi panya. Hata mwalimu angeuona tu."

Mama Mideva akakanyaga breki. Taa zikawaka sawasawa. "Kumbe panya!" akacheka, akanitupia funguo. "Basi libaki kwako, fundi."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini nilipomwona Chepng'etich akikunja nyaya zake, wivu ulinipanda upya, kuliko wa asubuhi. Ufundi amenishinda, na sasa hata utu?

Nikamrudishia Mama Mideva funguo zake.

"Wewe Chepng'etich!" nikafoka. "Toa huo utepe mfukoni, Mama auone."