Mwandiko wa Gari la Wagonjwa

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, watu sita walilisukuma gari la wagonjwa hadi gereji ya Mama Mawimbi, wakaliegesha kando ya pipa la oili chafu. Lilikuwa limezimika katikati ya njia panda. Mama Mawimbi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na jina hilo alibandikwa kwa ajili ya oskiloskopu yake, kile chombo kinachoonyesha umeme kwenye kioo ukipanda na kushuka kama mawimbi.

"Linazima likiwa na mgonjwa?" aliuliza.

Dereva wa hospitali alikuna kisogo. "Likiwa na mgonjwa halina neno. Linazima likiwa na vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Vitu tu, dada."

Mama Mawimbi alifungua boneti, akabana waya mmoja wa oskiloskopu kwenye betri na mwingine kwenye sensa inayohesabu mizunguko ya injini, akamwambia dereva apige stata. Sensa ya namna hiyo huchora meno kama ya msumeno. Jino likikosekana, fundi anajua pa kushika. Safari hii yalipita meno mawili matatu, kisha mstari ukaanza kuandika. Uliandika bila haraka, kwa mwandiko wa kulalia upande: jumatatu mifuko ishirini ya saruji nyumbani kwa mkurugenzi. jumatano mchanga. alhamisi mama mkwe wa mkurugenzi, mzima kabisa, sokoni. nimechoka.

Alibana waya upya, akidhani umelegea. Gari likaandika yale yale, likaongeza na saa.

Wifi yake, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akisahihisha madaftari, tumbo la miezi minane na nusu limemtangulia. Alijikongoja akaja kutazama.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Ila herufi kubwa halizijui."

Mkurugenzi wa hospitali alifika kabla ya saa saba, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho.

"Mifuko ilikuwa kumi na minane," alisema. "Fundi, mimi nataka gari liwake. Likitaka kuandika, liandike huku linatembea."

Mama Mawimbi alikuwa na la kumjibu, tena refu. Lakini hospitali ilikuwa na gari hilo moja tu, na wifi yake alikuwa amesimama pale, mkono kiunoni, akihema. Mama Mawimbi alishika bisibisi. Alifunga sensa mpya, akapitisha waya wa pembeni ili gari liweze kusema lakini lisiweze kugoma. Alipokaza skrubu ya mwisho hakulitazama gari usoni.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, uchungu ulimshika wifi akiwa ubaoni anafundisha kugawanya. Mama Mawimbi alipiga simu, akakimbilia shuleni na ovaroli yake. Gari lilifika baada ya dakika kumi na mbili, king'ora kikilia, saruji imejaa mpaka darini.

"Tubanane hapa mbele," dereva alisema. "Tunapitia kwa mkurugenzi kushusha mara moja. Ni njiani."

"Si njiani hata kidogo."

"Kwetu sisi ni njiani, dada."

Mtoto hakusubiri mfuko wa mwisho. Mama Mawimbi alivua ovaroli akaitandika mahali ambapo pangekuwa sebule ya nyumba mpya ya mkurugenzi, mafundi waashi wakashika turubai wakiwa wamegeuza nyuso, na dereva, ambaye alikuwa ameona mengi katika kazi yake, akawa anaelekeza. Mikono ya Mama Mawimbi, inayoshika nyaya nyembamba kuliko unywele, ilifuata maelekezo yake neno kwa neno. Alizaliwa binti mwenye afya, akalia kwa sauti ambayo ilikifanya king'ora kinyamaze chenyewe kwa adabu. Mkurugenzi alituma pongezi kwa simu, akaomba sebule iachwe wazi ifikapo saa tisa, maana sakafu ilikuwa inasubiri kusawazishwa.

Jumatatu gari lililetwa kuangaliwa. Mama Mawimbi alibana waya, na mstari ukaandika: samahani mwalimu. nilijitahidi kuzima ili washushe saruji nikupeleke kwanza. nilishindwa.

Alisoma mara mbili. Kisha akaweka mkono juu ya boneti, akauacha hapo kitambo, kama mtu anayempima homa jamaa yake.

Wifi, mtoto begani, alichukua kalamu ya wino akaweka herufi kubwa juu ya kioo cha oskiloskopu, moja baada ya nyingine. "Mwanzo wa sentensi," aliliambia gari kwa upole. "Na jina la mtu pia. Ukikosea, rudia."

Mkurugenzi safari hii hakuja. Alikuwa ameagiza muhuri wa mpira uchongwe, nao ulikuwa mfukoni mwa dereva. Mama Mawimbi alinakili maneno ya gari kwenye karatasi, dereva akapuliza muhuri, akaugonga chini yake: IMESOMWA. Karatasi ikaingia kwenye faili.

Dereva akapiga stata. Gari likawaka mara moja, likaenda kuchukua mabati.