Mteremko Wenye Mngurumo

Video ya kwanza ya Haingo mtandaoni iliangaliwa na watu wachache, na wengi wao walicheka. "Dada, ulikuwa unarekodi au unatwanga mpunga?" aliandika mmoja. Mwingine: "Nimetapika bila kupanda gari."

Alikuwa ameirekodi ndani ya teksi ya baba yake, Renault 4 kuukuu ya rangi ya maziwa, wakishuka kutoka Antaninarenina kwenda Analakely. Mzee Ralay, kama madereva wenzake wa Antananarivo, alizima injini kileleni ili kubana petroli, akaliacha gari liteleze lenyewe. Katika ukimya ule alimwita Bi Vololona, muuza mikate ya mchele kando ya barabara: "Bibi, mikate yako inakonda kuliko mimi!" Bibi akamjibu kwa tusi la mapenzi, mzee akaimba hadi chini.

Haingo aliona aibu. Aliifuta mtandaoni, hata kwenye simu, iliyokuwa imejaa, akaanza kujifunza. Alifunga simu kwenye mlango wa gari kwa mpira wa tairi isitikisike. Alifunika kipaza sauti kwa sponji kuzuia upepo. Alijizoeza kutulia kwenye picha moja kabla ya kuhamia nyingine.

Kisha macho ya mzee yakafifia, akalipatia gari mnunuzi kutoka mji wa Antsirabe. Lingeondoka Jumapili.

"Nataka tubaki nalo kwenye video, baba, hata likiondoka," Haingo alisema Jumamosi asubuhi. "Libaki vilevile lilivyo."

"Basi nivae kofia?"

"Vaa. Ila usizime injini mteremkoni, watu wanataka kuisikia. Na usiongee, sauti zitagongana."

"Mwanangu, hapa nazima tangu hujazaliwa. Vololona akisikia mngurumo atadhani nimeibiwa gari."

"Leo tu, baba."

Walishuka injini ikinguruma, mzee amekaza shingo kama anayepigwa picha ya pasipoti. Bi Vololona aliinua mkono. Mzee alitazama mbele.

Safari hii watazamaji walisifu. "Sasa umeiva, dada." Gari lilikuwa limeshaondoka walipoketi wawili mezani, sahani za wali mbele yao, mzee akiisogeza simu karibu kabisa na macho. Aliangalia hadi mwisho.

"Picha safi. Gari linang'aa," alisema. "Ila huyu dereva simjui."

Haingo alicheka.

"Ile ya kwanza ipo?" mzee aliuliza. "Ile ya kutwanga mpunga. Siioni vizuri, lakini nitaisikia. Kuna mahali Vololona ananitukana."

Haingo alichukua simu, akapitisha kidole kwenye kioo, picha baada ya picha, akitafuta kitu alichojua hakipo. Baba yake alisubiri, sikio amelielekeza kwake.

"Niliifuta, baba."

Mzee alivuta sahani yake, akachukua kijiko.

"Si kitu," alisema. "Ilikuwa inatikisika sana."