Herufi Nane za Mwanzo

Mwezi mzima kampuni moja ndogo ya programu ilibishana juu ya jambo moja: kila nguo inayoingia kwa dobi ipewe kitambulisho cha namna gani. Dobi mwenyewe hakuitwa kikaoni. Aliambiwa tu atupe vibati vyake vya zamani vya namba, naye akavitupa, kwa kuwa aliyemwambia ni binti wa kaka yake, mfanyakazi wa kampuni hiyo.

"Nimekuamini wewe, mwanangu," alisema. "Nguo za watu zikipotea, duka limekufa."

Binti huyo aliitwa Mpole, kwa sababu hakuwahi kumpinga mtu.

Kikaoni, Profesa, ambaye hakuwahi kumfundisha yeyote, alitaka vitambulisho virefu vya kubahatisha, herufi thelathini na sita kila kimoja. "Tukihesabu moja, mbili, tatu, washindani watajua tuna wateja wangapi!"

"Vya kwako vinaingia ovyo kama kuku waliofukuzwa," akajibu mtu wa kutunza kanzidata, lile ghala la taarifa kwenye kompyuta. "Mfumo utatembea kama kobe. Namba za mfuatano zina ubaya gani?"

"Ushamba."

Mpole hakupenda ugomvi. Akapendekeza njia ya katikati: kitambulisho kirefu vilevile, ila mwanzo wake utokane na saa ya kusajili nguo, mkia ndio ubahatishwe. Hivyo vitajipanga vyenyewe. Wote wawili wakapiga makofi, kila mmoja akiamini ameshinda. Mpole akamshukuru Mungu kwa amani ile, bila kumwuliza kwanza habari za lebo.

Lebo ya dobi ni kitambaa chembamba, hakizidi kidole. Herufi thelathini na sita hazienei. Mpole akaiamuru mashine ichape nane za mwanzo tu. Kisha, kwa upendo, akamwekea dobi, shangazi yake, kitufe cha kusajili rundo zima la asubuhi kwa mpigo mmoja.

Mwanzo ni saa, na rundo lote lilisajiliwa ndani ya dakika ileile, hivyo lebo zote zikatoka na herufi nane zilezile. Kichwa cha mtoto wa shule kingeliona shimo hilo. Vichwa vya kikao kizima viliruka juu yake.

Jumamosi shangazi akapiga simu. "Mwanangu, mashine yako inasema suruali zote hizi ni mapacha."

Mpole alifika akihema, Profesa nyuma yake. Profesa naye alikuwa na suti pale. Kesho yake angehutubia mkutano wa wataalamu kuhusu vitambulisho vya kipekee. Wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Mlinzi mmoja aliyefuata sare yake alishika gauni la mtoto alilopewa, hajui alifanye nini.

"Ndugu wateja," Profesa akatangaza, "hakuna kilichopotea. Kitambulisho kamili kimo kwenye kanzidata."

"Basi nikaivae hiyo kanzidata lindoni?" mlinzi akauliza.

Shangazi akainua suruali ya buluu, moja kati ya nyingi. "Hii ina kiraka cha maua makalioni. Ya nani?"

Profesa akakohoa. "Nadhani..."

"Sema kwa sauti, baba. Hapa hatubahatishi."

Duka likaangua kicheko. Mpole hakucheka. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kuondoka mikono mitupu, na mmoja alikuwa mteja wa miaka mingi.

"Shangazi, nisamehe. Kosa ni langu. Kuanzia Jumatatu ni namba fupi. Moja, mbili, tatu."

"Lakini washindani," Profesa akadakia, suruali yake yenye kiraka kaikumbatia kifuani, "watajua..."

"Mshindani wangu ndiye yule," shangazi akasema, akionyesha duka la ng'ambo ya barabara, ambako mtu alikaa kwenye kiti akitazama. "Kila siku huhesabu wanaoingia kwangu. Leo anahesabu wanaotoka."

"Nyamaza, Profesa," Mpole akasema, na yeye mwenyewe akashtuka kuisikia sauti yake. Akavuta shati la juu kwenye rundo, akapanda kwenye stuli.

"Shati jeupe, kola imechakaa. La nani? Asiondoke mtu, jamani. Tutazirudisha zote."