Bibi wa Majivu

Kokushubila alinipigia simu Jumatano. Aliniomba niende ofisini kwao Mikocheni, Jumamosi saa nane mchana, nikacheze gemu.

"Gemu gani tena, Koku?"

"Yetu, Mama. Tunayoitengeneza. Tunatafuta mtu ambaye hajawahi kushika gemu maisha yake yote. Nikakukumbuka."

Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Ilikuwa miaka miwili tangu binti yangu ahamie Mbweni, na katika miaka hiyo alikuwa amekuja kwangu Manzese mara tatu, zote akiishia mlangoni, mkoba ukiwa begani. Hatukugombana. Alikuwa akiniamkia, ananiuliza masomo yangu ya jioni ya watu wazima yanaendaje, anaondoka. Kila asubuhi nilimwomba Mungu anirudishie mtoto wangu, nikimtaja kwa jina lake lote. Sasa alikuwa ameniita mwenyewe. Jumamosi nilivaa gauni langu la jumuiya ya kanisa, nikatoka mapema.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya kuchapa fulana. Harufu ya wino ilipanda ngazi pamoja nami. Ndani kulikuwa na kompyuta nne na feni moja, na kijana mmoja mpole aliyeitwa Fakihi, mwenzake Koku. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandikia kompyuta maagizo. Koku alitunga hadithi na maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo wewe ndiye mwalimu. Sie tutakaa nyuma yako tuandike unavyofanya. Hatukusaidii."

"Hata nikiharibu?"

"Hasa ukiharibu."

Koku alivuta kiti akakaa nyuma ya bega langu na daftari. Nilimsikia anavyopumua. Muda mrefu nilikuwa sijakaa karibu naye hivyo.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na bonde la kijivu, limegawanywa miraba kama ubao wa drafti. Nilipewa watu wanne: askari mwenye ngao na mkuki, mpiga upinde, mzee mwenye fimbo inayotoa moto, na msichana mtabibu. Unawasogeza wako, kisha adui wanasogea wao. Hakuna anayefanya lolote mpaka wewe umalize kufikiri. Hilo lilinipendeza. Katika maisha yangu ni vitu vichache vilivyonisubiri.

Maneno yakatokea chini.

"Nikusomee, mama?" Fakihi aliuliza.

"Mwezi wa kumi nina mtihani," nikamwambia. "Nitasoma mwenyewe."

Nikasoma kwa sauti, kidole kikifuata kioo: *Mtoto amelala nyuma ya Bibi wa Majivu. Mfikie kabla raundi ya tisa haijaisha.*

Nikawapanga watu wangu. Mzee na fimbo yake mbele, mpiga upinde nyuma yake, kisha askari, na mtabibu mwisho. Nikawatembeza bondeni taratibu, mmoja nyuma ya mwingine.

"Mbona mstari mmoja?" Fakihi alisahau kwamba hatakiwi kusema.

"Ndivyo watu wanavyokwenda mahali pa maana."

"Mama amewatoa maandamano ya Ekaristi," Koku akasema, akacheka.

Alicheka kweli, kicheko chake cha zamani kinachoanzia puani. Nami nikacheka. Hata mbwa wa majivu walipotokea ubavuni wakamla mpiga upinde, tulikuwa bado tunacheka.

"Wanakufa kwa foleni, jamani!" alisema Fakihi. "Hawasukumani!"

Raundi ya tano tukafika. Askari wangu alirusha mkuki, akampata yule Bibi. Alikuwa mwanamke aliyepiga magoti, ametugeuzia mgongo, kanga mabegani, mwili wote rangi ya jivu. Hakuwa na silaha. Kila zamu yake ilipofika alisema maneno, na maneno yakawa ukuta kumzunguka yeye na mtoto. Yakatokea pale chini, neno baada ya neno, nami nikayasoma kwa sauti kama nilivyosoma mengine:

"*Nyumba yangu haina mlango, ingia hivyo hivyo. Mguse huyu, hata kwa ncha ya kidole.*"

Kidole changu kikabaki kwenye kioo.

Sala hiyo haimo katika kitabu chochote. Niliitunga mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, wakati chumba chetu cha Manzese kilikuwa na pazia badala ya mlango, na Vaileth, mdogo wake Koku, alikuwa amelala na homa. Alikuwa na miaka sita.

Juu ya kichwa cha yule Bibi mstari mwekundu wa uhai ulikuwa umebaki nusu. Sikufikiri. Nilimchukua msichana mtabibu, nikampeleka hadi kwake, ukuta ukampisha, nikamgusisha. Mstari ukajaa.

"Mama! Umemtibu adui!" Fakihi alipiga meza kwa kiganja. "Watu kumi na mmoja wamecheza hapa, hakuna aliyefanya hivyo. Hata sikujua kama inawezekana!"

"Huyu siyo adui," nikasema. "Huyu anasali."

Nyuma yangu kalamu iliacha kuandika.

Raundi ya sita ikaingia. Yule Bibi hakugeuka. Alisema: "*Bado tatu.*"

Hapo nikaelewa yote.

Daktari wa zahanati aliniambia homa isiposhuka kwa siku mbili nimpeleke Vaileth hospitali kubwa. Siku ileile nilikuwa nimeanza novena, sala ya siku tisa mfululizo. Nilishika kwamba novena haikatwi. Ukiikata, unarudi siku ya kwanza, na zile ulizosali zimepotea. Hakuna padri aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe. Siku ya sita Koku alirudi kutoka shule, akamshika mdogo wake shingoni, akasema, "Mama, twende hospitali." Mimi nilikuwa nimepiga magoti. Nilimjibu bila kugeuka: "Bado tatu." Vaileth alituacha siku ya nane, alfajiri. Waliokuja msibani walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia, nikaendelea kuitikia miaka yote.

Fakihi alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Alasiri imefika," alisema kwa upole. "Naenda kuswali mara moja." Akashuka ngazi.

"Ulisema umenikumbuka," nikamwambia Koku. Sikuweza kumtazama. "Kumbe kweli."

"Ningekuambiaje? Kila nikianza kumtaja Vaileth, unasema tumwombee. Tunasali, tunanyamaza, basi."

"Maneno yale nilimwambia Mungu. Sikukuambia wewe."

"Nilikuwa nyuma ya pazia, Mama. Kila jioni. Na nilikuwa naitikia amina. Siku tano niliitikia. Ya sita niliacha."

Feni ilikuwa ikigeuza kurasa za daftari lake. Akaweka kiganja juu yake.

"Na watu wanaocheza wanamuua?" nikauliza.

"Wanaweza kumzunguka kabla ukuta haujafunga. Wengi wanamuua. Ndiyo rahisi."

Fakihi aliporudi nilikuwa sijasogeza mtu. Nikapitisha zamu zilizobaki bila kumpiga yule Bibi, mpaka raundi ya tisa ikaisha na yule mtoto akawa jivu, bila sauti, kama karatasi inavyoungua. Kioo kikauliza: *Anza upya?*

Nikabonyeza.

Safari hii sikupanga maandamano. Askari nilimpitisha katikati awavute mbwa, mpiga upinde nikamweka juu ya mwamba, mzee wa fimbo nikamzungusha kushoto. Mtabibu nikamwacha nyuma kabisa, nisije nikamtumia vibaya. Raundi ya nne mzee alikuwa mgongoni kwa yule mwanamke. Nikasoma alichoanza kusema, "*Nyumba yangu haina*," nikabonyeza moto.

Akaanguka kifudifudi. Mtoto akaamka, akawafuata watu wangu kwa hatua ndogondogo.

"Raundi nne!" Fakihi alipiga makofi. "Mama, umejifunza haraka kuliko wote!"

Raundi nne. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kipanya cha kompyuta. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikifanya hivi, nikimpiga mwenyewe mbele ya macho yake, binti yangu ataniwekea mkono begani. Nikageuka. Koku alikuwa anaandika.

"Asante, Mama," alisema. "Umetusaidia sana." Alisema kama karani anavyomwambia mtu dirishani.

Akanipa karatasi ya maswali. Je, ulielewa maelekezo? Je, miraba ilionekana vizuri? Nini ungependa kibadilishwe? Hapo nikaweka kalamu chini.

"Hili nitalisema kwa mdomo," nikasema. "Kuna kitu umekosea kwa yule Bibi."

"Maneno yake siyatoi, Mama. Samahani. Bila yale gemu haina kitu."

"Sikuombi uyatoe. Yaache. Lakini umemfanya ana kiburi. Hageuki kwa sababu anajiona amemkamata Mungu mkono. Sivyo. Alikuwa anaogopa. Angegeuka, angemwona mtoto. Angemwona, angejua. Alisali ili asigeuke, Koku. Andika hivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa kiumbe yeyote. Hata kitubioni nilikuwa nikilisema kwa maneno mengine.

Koku aliweka kalamu juu ya karatasi. Fakihi alijifanya anachomeka waya.

"Mtoto ulikuwa unaogopa kumwona," Koku alisema. "Sawa. Mie je? Nilikuwa nyuma yako palepale, na nilikuwa mzima. Ungenigeukia mimi."

Sala ilinijia mdomoni, kama inavyonijia siku zote ninapokosa la kusema. *Tusali, mwanangu.* Nikaimeza. Nikakaa nikingoja aseme lingine, lolote, hata la kunitukana, ili nilipokee nikiwa nimemtazama.

Alifunga daftari, akazima kompyuta yangu, akatoa simu mfukoni.

"Nikuitie bodaboda, Mama?"

"Niitie," nikasema.